Tulivyopeleka Mizigo ya Watu Ufaransa

Mimi nina ugonjwa wa kusema ndiyo. Mtu akiniomba kitu mbele za watu, mdomo unakubali kabla kichwa hakijaulizwa. Mume wangu alikuwa akinitania tangu uchumba wetu kwamba siku nikifa, malaika watanikuta njiani narudisha sufuria ya mtu. Nilikuwa nacheka mpaka nashika mbavu. Siku hizi sicheki, na nitaeleza kwa nini, maana jambo lenyewe nimelikalia miaka mitano na limenichosha.

Tunaishi Apple Valley, kusini ya mto. Mimi ni nesi kwenye nyumba ya wazee upande wa Saint Paul. Mume wangu ni mtu wa Singida, alisomea kilimo Morogoro, na huku Minnesota alikuwa mkaguzi wa nafaka. Malori yakija, yeye anachota mahindi au soya, anayamwaga kwenye sinia, anayatazama punje kwa punje na kuyapa daraja. Kazi ya macho hiyo. Tuna mabinti wawili. Wakati ule mkubwa alikuwa na miaka kumi na sita, mdogo kumi na mmoja, na walikuwa kama watoto wengi wa huku: unawasemesha Kiswahili, wanakuelewa vizuri sana, wanakujibu Kiingereza. Kugombana wanagombana kwa lugha zote mbili.

Basi mwaka huo, theluji ikiwa bado imerundikana michafu kwenye pembe za maegesho, daktari wa macho alituita wote wawili. Mume wangu alikuwa na presha ya macho. Alikuwa nayo muda mrefu bila kujua, kwa sababu haiumi wala haiwashi, inakula pembeni polepole. Jicho la kushoto lilikuwa karibu limekwisha. La kulia lilikuwa linaona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari, msichana mpole, akasema watampasua na atatumia dawa za matone, ila tusitegemee makubwa. Labda mwaka, labda miwili. Gari asiendeshe tena. Halafu akasema, na mimi nilimsikia kwa masikio yangu haya, kwamba kama kuna kitu anatamani kukiona, asikiweke mbali.

Tukashika njia ya nyumbani. Mimi ndiye niliyekuwa naendesha na kulia kwa wakati mmoja, jambo ambalo simshauri mtu. Tulipovuka daraja la mto akasema, "Nataka kwenda kuziona alizeti."

Nikadhani anasema za kwao Singida. Akasema hapana, za Ufaransa.

Hadithi hiyo nilikuwa naijua. Alipokuwa chuoni alipelekwa Ufaransa miezi mitatu kwa mafunzo ya vitendo, kwenye shamba la mzee mmoja kusini magharibi ya nchi, karibu na kijiji chenye mnara wa kanisa na alizeti pande zote. Nilikuwa namcheka: mtoto wa Singida, umezaliwa kwenye alizeti, umekulia kwenye alizeti, unapanda ndege kwenda kushangaa alizeti za watu! Naye alikuwa na jibu lake moja. "Zetu zilikuwa za kupalilia. Zile zilikuwa za kutazama." Siku za Jumapili kule hakuwa na jembe mkononi. Alikuwa anapanda kilimani, anakaa kwenye nyasi, chini yake bonde zima la njano. Na barabarani zilikuwa zinapita familia na karavani zao, vile vijumba vya magurudumu vinavyovutwa nyuma ya gari. Wanasimama wanapotaka. Wanatandika kitambaa, wanakula mkate chini ya mti, baba anajinyoosha analala. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, akajiapiza kwamba iko siku ataleta mke wake na watoto wake, atavuta nyumba yake, asimame anapotaka. Aliponisimulia tukiwa wachumba niliyachukulia kama maneno ya kuposea.

Sasa akaanza kupanga. Alinunua ramani ya karatasi na lenzi ya kukuzia, akawa kila jioni yuko mezani, pua imekaribia kugusa meza, penseli mkononi. Siku kumi na mbili katika mwezi wa saba, alizeti zikiwa zimechanua. Siku tatu za kushuka kwa barabara ndogo ndogo, siku sita za kukaa palepale kijijini, siku tatu za kurudi. Mimi dereva, yeye msoma ramani. Alirudi kuwa kijana. Alikuwa anawafundisha watoto kuomba mkate kwa Kifaransa wakati wa chakula cha jioni, wanacheka matamshi yake, naye anazidisha makusudi.

Safari hii ilikuwa ya macho yake. Nilijua. Naliandika hapa waziwazi ili mtu asije akanitetea kwamba labda sikuelewa.

Kosa langu lilianzia kanisani. Baada ya ibada, tunakunywa chai, nikasema mbele ya kina mama, tuombeeni safari njema, tunakwenda Ufaransa. Haki ya Mungu, nilikuwa naomba maombi tu. Lakini kwetu sisi anayesafiri si wa nyumba yake tena, na begi lake si lake. Mtu akisikia unakwenda upande waliko ndugu zake, atakuja na kifurushi, nawe utakipokea, kwa sababu na wewe umewahi kupokelewa. Mama yangu alipougua, dawa zake zilifika Tanzania mikononi mwa watu ambao mpaka leo siwajui kwa sura. Mzigo wa mtu ni amana. Huupeleki posta, huusahau, hurudi nao.

Watanzania wenzangu hawakuwa na mengi. Lakini tunasali na ndugu zetu Wakongo, familia zilizotoka mashariki ya nchi yao kwa vita, na vita vile viliwatawanya: mmoja kaangukia New Hope, huku kwetu Minnesota, mdogo wake kaangukia Orléans, mama yao yuko kambini. Simu ikaanza jioni ileile. Viatu vya watoto. Vitenge. Makopo ya vidonge vya vitamini. Mafuta ya kujipaka. Na ndagala, wale dagaa wakavu wa ziwa Tanganyika, ambao Mkongo aliye mbali na kwao hawapati mpaka atumiwe. Mizigo saba, nyumba saba. Nikasema ndiyo mara saba.

Mama mmoja wa New Hope alikuja mwenyewe. Mwembamba, mjane, anafanya kazi kwenye bohari kubwa kule Shakopee, alikuja na sare yake ya kazi. Alikuwa na begi aliloliviringisha utepe wa gundi mpaka halionekani rangi. Hakukaa. Akanishika mikono miwili. "Maman nesi, mutoto yangu iko kule. Miaka tisa sijamuona na macho. Kwa simu anasema tu, 'Mama, niko bien, niko muzuri.' Umupatie hii, umuangalie muzuri, kisha utaniambia kama iko muzima."

Nani angekataa? Niambie wewe.

Mume wangu alipoona mabegi manane sebuleni, sita yenye ile mizigo saba ya watu na mawili yetu wanne, akasimama mlangoni.

"Mama, tunatembea au tunahama?"

"Ni vitu vidogo tu, baba. Viko njiani."

"Njiani pa nani? Hii ramani nimeichora mimi." Alikuwa anacheka bado. "Tungeyaweka posta."

"Posta! Watu watatuelewaje?"

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wangeniona mimi wangesema kinyume. Mizigo ya wenzangu niliiona mizito kama nini, ya mume wangu ndiyo niliyoiona usufi.

Karavani tuliichukua, pamoja na gari la kuivuta, nje kidogo ya Paris. Nyeupe, ina vitanda viwili na meza inayokunjuliwa ikawa kitanda cha tatu. Mume wangu aliizunguka yote akiipapasa, hata magurudumu, kama anayenunua ng'ombe mnadani. Akagonga ubavu wake. "Haya. Nyumba yetu hii." Watoto walikuwa wameshaanza kugombania kitanda cha dirishani. Mimi nilikuwa nasukuma mabegi chini ya vitanda.

Ndagala na joto la mwezi wa saba ndani ya kijumba cha bati, jamani! Usiku wa kwanza kwenye kambi ya karavani tuliamka tukakuta paka wanne wamekaa mlangoni kama wanaosubiri kliniki. Jirani yetu, mzee wa Kifaransa mwenye kaptula, alikuja kutuuliza kwa adabu kama gesi yetu ni salama. Watoto walijifunga fulana puani. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Ile ndiyo siku yetu nzuri. Nikitaka kukumbuka safari ile bila kuumia, huwa nasimama hapo.

Maana kuanzia kesho yake tukaanza kugawa.

Nilikuwa nimepiga hesabu ya nusu saa kila nyumba. Mwenzangu, umewahi kumkabidhi mtu mzigo wa kwao mlangoni ukageuka? Nyumba ya kwanza tulifika asubuhi tukaondoka kesho yake mchana. Orléans tulikuta bibi amevaa kitenge kipya kwa ajili yetu, ameita majirani, amepika mbuzi na fufu na sombe, ugali na kisamvu cha kwao. Alipofungua mfuko wa ndagala alizika uso ndani yake akalia, na mimi nikalia, vigelegele vikapigwa. Unaondokaje hapo? Mji wa Tours wakatuzuia tulale, wakasema kuondoka jioni ni kuwatukana. Karavani tuliiegesha chini ya majengo marefu ya watu, tumeziba nafasi za magari matatu, watoto wa mtaa wanachungulia madirishani.

Na mume wangu? Alikaa kwenye makochi. Siku nzima nzuri ya jua, macho yenye mwaka mmoja yamevalishwa miwani myeusi, yanatazama televisheni ya watu pazia likiwa limefungwa kuzuia joto. Mwenyeji mmoja akamuuliza, "Mzee, macho inauma?" Akasema, "Kidogo tu." Alikula kila alichopewa. Alisikiliza habari za watu mpaka mwisho, akauliza maswali, wakampenda. Jioni, tukirudi kwenye karavani, alikuwa anafungua ramani yake, anashika lenzi, anafuta alama ya penseli na kuiweka upya. Siku sita zikawa nne. Nne zikawa tatu.

Hakunigombeza hata siku moja. Angenigombeza labda ningezinduka. Siku moja tu, tumekwama kwenye foleni tukitafuta mtaa wa mtu, akasema akitazama mbele, "Mama, kule jua la saa kumi na moja ni zuri sana."

Nikamwambia, "Tutafika."

Na nitasema ukweli wote. Nilikuwa nafurahi. Minnesota mimi ni mtu wa kuosha wazee, wengine wananitukana nikiwageuza kitandani. Kule nilipokewa kwa vigelegele nyumba baada ya nyumba. Niliitwa mama, niliitwa baraka, nilipigiwa simu na watu wa New Hope wakilia kwa shukrani. Nilipenda kushukuriwa. Ndiyo aibu yenyewe, wala si desturi. Desturi ningeweza kuiambia subiri.

Siku ya nane tuliamkia kambi moja kando ya mto, karibu na Limoges. Ulikuwa umebaki mzigo mmoja, ule wa mama wa New Hope. Kijana wake alikuwa anaishi mji mdogo upande wa magharibi. Kijiji cha alizeti kilikuwa kusini, safari ya saa nne. Tunakunywa chai nje, mume wangu amekunja ramani kwenye magoti, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Leo tushuke moja kwa moja. Tutapata siku mbili kamili. Huyo kijana tumtumie posta, niko tayari kwenda kupanga foleni mwenyewe."

Simu yangu ilikuwa imelia asubuhi ile mara tatu. Mama wa New Hope, kwake bado usiku, hajalala. Mmeshamuona? Nilikuwa nimeshamwambia kesho, kesho, kesho. Nikamwona kichwani akiwa na ile sare yake. Nikasikia na kina mama kanisani: ya wote ameyafikisha, ya mjane amerusha posta. Nikafungua mdomo, na hili sikulipanga, naapa. Lilitoka tu.

"Baba, nimeangalia kwenye simu. Alizeti zimekwisha."

Akanigeukia uso mzima, maana akitaka kukuona ilibidi akugeukie hivyo. "Zimekwisha?"

"Joto la mwaka huu. Zimekauka mapema. Zimeshainamisha vichwa, zinangoja kuvunwa."

Binti yetu mkubwa alikuwa anaosha vikombe pembeni. Juzi yake tu alikuwa amenionyesha kwenye simu yake picha za upande ule, watu wamepiga wiki hiyohiyo, njano mpaka mwisho wa macho. Akaacha maji yanatiririka. Akanitazama. Mimi nikamtazama kwa jicho lile ambalo kila mtoto wa Kiafrika analijua maana yake. Akafunga bomba.

Mume wangu akatikisa kichwa taratibu. Mtu aliyesomea kilimo, anayejua joto linavyofanya mmea, akaniamini. "Zimewahi sana mwaka huu," akasema. Akakunja ramani mara mbili zaidi, akaiweka mfukoni. "Basi twende kwa huyo mtoto wa watu."

Nilijiambia tutarudi mwakani. Nilijiambia madaktari hupenda kutisha. Mimi, nesi!

Kijana hakuwepo. Simu hakupokea. Tulikaa kwenye maegesho ya nyuma ya duka, karibu na jengo lake, siku ile na siku iliyofuata, watoto wamechoka, wanagombania chaja, wanagombania biskuti, wanagombania nani amepumua upande wa nani. Mume wangu alikaa kwenye ngazi ya karavani akielekeza uso wake kwenye ukuta wa duka. Siku ya kumi jioni kijana akaja, amevaa nguo za ujenzi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikamsimulia habari za mama yake, nikamkabidhi begi. Nilitegemea machozi. Alilishika kwa mikono miwili, akanusa, akageuza uso pembeni kidogo. "Mersi, mama. Mumuambie niko muzima." Akapanda ngazi zake. Ikaisha hivyo. Sikumlaumu wakati ule wala simlaumu leo, huwezi kujua mtu amebeba nini. Nilimpigia mama yake nikamwambia mtoto ni mzima, ana nguvu, amelia kwa furaha. Nilikuwa nimeshazoea kudanganya.

Karavani ilitakiwa irudishwe asubuhi ya siku ya kumi na mbili. Siku ya kumi na moja tukaanza kupanda kaskazini, kwa barabara ndogo, kwa sababu mume wangu aliomba angalau hilo. Yeye kiti cha kulia, mimi usukani kushoto, watoto nyuma. Walikuwa wanagombana tangu asubuhi, sikumbuki nini, nadhani kofia.

Tukapanda kilima, tukakata kona, na upande wa kushoto ukawa wote alizeti.

Sijui nilieleze vipi. Nimeona alizeti Singida, nimeona na huku. Zile zilishuka kutoka ukingo wa barabara mpaka bondeni, zikapanda upande wa pili mpaka kwenye mstari wa miti, zote zimechanua, zote zimetugeukia. Hakukuwa na hata moja iliyoinamisha kichwa. Mbele kidogo palikuwa na sehemu ya kupumzikia magari, kuna mti na meza ya mbao, na karavani nyingine imesimama, watu wanakula.

Nikasikia mdogo anavuta pumzi ya kusema. Nikamtazama kwenye kioo, nikatikisa kichwa. Hapana. Akamtazama dada yake. Dada yake akatazama magoti yake. Kimya.

Ningeweza kusimama. Nataka ieleweke. Ilikuwa barabara ndogo, nyuma yangu hakuna gari, nafasi ilikuwepo. Kilichonizuia ni kwamba nikisimama nitakuwa nimesema nilidanganya, mbele ya watoto. Nikakanyaga mafuta. Mume wangu alikuwa amelaza kichwa upande wake wa kulia, ambako kulikuwa na ukingo wa udongo na vichaka. Upande wa kushoto ndiko jicho lake lilikokufa.

Akauliza, "Tunapita wapi hapa?"

"Mashambani tu," nikasema. "Mahindi."

"Mahindi nayo ni mazuri," akasema.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Bonde lile lilikuwa refu, na lilipokwisha likaja jingine.

Mume wangu alipasuliwa macho mwezi wa kumi na moja, akapasuliwa tena mwaka uliofuata. Majira ya baridi ya pili aliacha kazi, maana punje alikuwa anazipima kwa vidole na hilo halikubaliki kwenye karatasi za watu. Masika yaliyofuata akawa anaona dirisha tu, kwamba lipo, kwamba kumekucha. Sasa hata hilo hana uhakika nalo. Anatembea na fimbo nyeupe, anajua nyumba yote kwa hatua, anakunja nguo vizuri kuliko mimi. Ufaransa hatukurudi. Mwaka ule wa kwanza kulikuwa na operesheni, wa pili kulikuwa na madaktari, wa tatu kwenda kuona lilikuwa neno la kuumizana.

Na wageni wakija, anawasimulia! Anasimulia paka wa ndagala, anasimulia bibi wa Orléans, watu wanaanguka kwa vicheko. Halafu kila mara, mtu akiuliza, na zile alizeti je, mzee? anasema kwa upole, "Alizeti hatukubahatika. Joto liliziwahi." Mimi wakati huo namimina chai. Binti yangu mkubwa, akiwa amekuja likizo kutoka chuo, hapo ndipo huinuka mezani akaenda chumbani. Mwaka jana alinifuata jikoni, akaniuliza kwa Kiingereza chake cha taratibu, utamwambia Baba lini? Nikamwambia aache kunihoji. Akaniambia kwamba amechoka kuwa mwongo pamoja nami, na kwamba mdogo wake alilala analia siku ile kwenye karavani na mimi sikuuliza kwa nini. Hilo sikulijua. Au nililijua.

Jumapili moja ya mwezi uliopita walikuja wageni kutoka New Hope, wakala, wakacheka, akawasimulia, akafika palepale, "joto liliziwahi," wakasikitika pamoja naye, wakaondoka mapema ili wawahi zamu zao. Tukabaki tunaosha vyombo. Mimi naosha, yeye anafuta, ndivyo tunavyofanya. Anapapasa sahani ukingo mzima kuhakikisha imekauka. Sijui kwa nini siku ile. Labda kwa vile alikuwa amelaumu joto na jua na kila kitu isipokuwa mimi.

Nikasema, "Baba, zile alizeti hazikuwa zimekwisha."

Akaendelea kufuta.

"Nilikudanganya. Kwenye picha niliziona zimechanua. Na tulipokuwa tunarudi tulizipita, zilikuwa kushoto, bonde zima. Nilikuambia mahindi." Nilikuwa nalia kiasi kwamba maneno yalikuwa yanatoka vipande. "Nilikuwa nataka kumalizia mzigo wa yule mama. Nisamehe. Mimi sina cha kusema. Nisamehe."

Akaweka sahani juu ya nyingine, akihakikisha kwa kidole kwamba zimekaa sawa.

"La kwamba zimekauka nililiamini," akasema. "La mahindi, hapana. Wale watoto wako waligombana tangu uwanja wa ndege wa kwenda mpaka uwanja wa ndege wa kurudi. Mara moja tu wakanyamaza, wote wawili kwa pamoja. Nikajua kuna kitu kizuri nje."

Nikamuuliza kwa nini hakusema nisimame. Neno moja tu, mume wangu, ningesimama.

"Nilikuwa nangoja usimame mwenyewe," akasema. "Nilingoja mpaka nikasikia magari mengi, nikajua tumefika mjini."